Nywele, Lakini, Mbwa: Jinsi Kihispania Kilivyoufunza Ulimi Wangu

Wahenga walinena kwamba ulimi hauna mfupa. Walikuwa wakituonya tusiropokwe, lakini mimi nimeuelewa usemi huo kwa namna nyingine. Kitu kisicho na mfupa hupindika, na kinachopindika hufunzika. Wasomaji wapendwa, katika makala haya nataka kuwaeleza jinsi ulimi wangu ulivyofunzwa, tena si kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza, bali kwa Kihispania, lugha isiyofundishwa katika shule yetu na ambayo mwenyewe wake sijaonana naye ana kwa ana hata mmoja.

Kwanza nieleze shida yenyewe. Mimi ni Mkikuyu wa Kieni, upande wa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Lugha ya mama yangu haina sauti /l/, ina /r/ peke yake. Tena b, d na g ngumu kama zile za Kiswahili hazisimami peke yake katika Gikuyu. Hutembea zikiwa zimeshikwa mkono na nazali: mb, nd, ng. Ndiyo sababu mtu wa kwetu husikika akisema "ngari" badala ya gari na "ndada" badala ya dada, na ile methali ya haba na haba ikageuka "hamba na hamba hujaza kimbamba". Hapo ndipo darasa huangua kicheko.

Nilipokuwa kidato cha pili, kulikuwa na wachache waliokaa nyuma ambao kazi yao ilikuwa kuningoja. Mwalimu akisema nisome aya kwa sauti, wao huingoja herufi l kama paka anayemngoja panya. Ikipita tu, wanagongana mabega. Mara ya kwanza nilijikaza kisabuni. Mara ya pili nikajikaza. Mwishowe nikaona heri ninyamaze. Mwalimu akiuliza swali ninalolijua jibu lake, naangalia dawati. Kwa kuandika sikuwa na shida, insha zangu zilisomwa hata mkondo wa pili. Lakini tangu nikiwa darasa la nne nimetaka kuwa mtangazaji wa redio. Sasa, mtangazaji gani asiyefungua kinywa?

Mambo yalikuwa hivyo hadi likizo ya Desemba 2024.

Kaka yangu mkubwa ni mpagazi mlimani. Huku kwetu twasema pota. Hubeba mizigo ya wageni kutoka lango la Naro Moru hadi kituo cha Met, yapata mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, kisha hadi kambi ya Mackinder, yapata mita 4,200. Kutoka hapo wageni huamka usiku wa manane ili jua liwachomozee kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985. Vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) ni vya wale wenye kamba na vyuma. Kazi ya pota ni ngumu na malipo yake si kama ya kiongozi. Baada ya miaka sita ya kubeba, kaka aliambiwa na mwajiri wake kwamba kuna vikundi vya wageni kutoka Uhispania na Meksiko, na kwamba akiweza kuzungumza nao atafanywa msaidizi wa kiongozi. Angejaribiwa mwezi wa Januari. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa mchezo, kwa sababu karo yangu ya muhula wa tatu ilikuwa bado na salio.

Mgeni mmoja aliyewahi kupanda naye alikuwa amemwachia daftari dogo na kumrekodia sauti kwenye simu. Daftarini mlikuwa na salamu, hesabu, na maneno ya mlimani: nieve ni theluji, lluvia ni mvua, despacio ni polepole. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kichwa kirefu: trabalenguas. Kaka alinieleza kwamba lengua ni ulimi, na traba ni kinachokwamisha. Nikashtuka. Kumbe Wahispania wamekiita kitu kile kile jina lile lile tunalolitumia sisi katika fasihi simulizi: vitanza ndimi!

"We, si uko likizo? Njoo unisikize," kaka akaniambia.

"Kwani mimi najua Kihispania?"

"Hata mimi sijui. Tutakuwa wajinga wawili, ni afadhali kuliko mmoja."

Basi kila jioni tukawa tunakaa jikoni, simu juu ya kigoda, daftari magotini, na cucu wetu upande wa pili wa moto akichambua maharagwe.

Siku ya kwanza nilifurahi. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa vile vile daima, kama za Kiswahili. Hazibadiliki badiliki kama za Kiingereza. Hata maneno mengine tunafahamiana nayo. Mesa yao ni meza yetu, ingawa sisi tuliipata kwa Wareno. Azúcar yao ni sukari yetu, na hasta yao ni jamaa wa hata yetu, yote mawili yakitokana na Kiarabu. Waarabu waliingia Uhispania mwaka wa 711, na ufalme wao wa mwisho huko, wa Granada, ulianguka mwaka wa 1492. Miaka hiyo yote haikupita bure, iliacha maneno huko kama ilivyoacha biashara ya Waarabu katika pwani yetu.

Furaha ilikwisha tulipofika kwenye kitanza ndimi cha kwanza: tres tristes tigres tragaban trigo en un trigal. Maana yake ni kwamba simbamarara watatu wenye huzuni walikuwa wakimeza ngano katika shamba la ngano. Kaka alicheka, akasema labda walikuwa wamepotea wakaingia mashamba ya Timau. Lakini kutamka, lo! Ulimi wa Kibantu haupendi konsonanti zirundikane. Huchomeka irabu katikati kama mtu anayeweka kifunga mlango: "teresi tiristesi tigeresi". Sauti ya yule mgeni kwenye simu ilipita kama pikipiki, yetu ikafuata kama mkokoteni.

Tulikuja kugundua kwamba mbio ndiyo adui. Kaka, ambaye huwaambia wageni "pole pole" kutwa nzima mlimani, akasema tupande neno kama tunavyopanda mlima. Tukaanza na tre peke yake mara kumi. Kisha tris. Kisha tres tristes, tukapumzika. Ilituchukua siku tatu kufika shamba la ngano. Mwenda pole hajikwai.

Mtihani hasa ulikuwa maneno matatu madogo. Pelo ni nywele. Pero ni lakini. Perro ni mbwa. Sikilizeni wenyewe: lile la kwanza lina kitambaza, la pili lina r nyepesi, la tatu lina r nzito inayotetemeka kabisa, kimadende cha kweli kweli. Mwalimu wetu alitufunza majina haya yote, kitambaza na kimadende, nami niliyaandika vizuri katika mtihani nikapata alama. Lakini kuyajua kwa kalamu ni jambo moja, na kuyajua kwa ulimi ni jambo jingine. Kwa Mkikuyu, nywele, lakini na mbwa yote matatu hutaka kuwa neno moja.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho kimenisaidia kuliko vyote. Sauti /l/ inaweza kuvutwa. Weka ncha ya ulimi kwenye ufizi, iache pale pale, hewa ipite kandoni, nawe unaweza kusema "llll" hadi pumzi ikuishie. Ile /r/ nyepesi haivutiki. Ulimi hugusa ufizi mara moja na kuondoka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Na /rr/ ni mguso ule ule ukirudiwa mara kadhaa kwa nguvu ya pumzi, ulimi ukiwa umelegea. Basi nikawa najipima: kama sauti yangu inavutika, hiyo ni /l/. Ikikataa kuvutika, ni /r/. Hakuna haja ya kumwuliza mtu, hakuna haja ya kungoja nichekwe ndipo nijue.

Nilifanya zoezi hilo nikienda kuteka maji na nikirudi. Pelo, pero, perro. Nywele, lakini, mbwa. Kisha nikaligeuza kwa Kiswahili: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari. Majirani walidhani nimeokoka na nanena kwa lugha.

Sasa nije kwenye jioni iliyobadilisha mambo. Kaka alikuwa akihangaika na neno amigo, yaani rafiki. Mgeni alikuwa ameandika daftarini kwamba g ya katikati ya neno hili isiwe ngumu, iwe laini. Kaka akasema "amingo". Tukasikiliza simu. Akasema "amigo" kwa g ya gari, ngumu kama jiwe. Simu ikasema kitu kingine. Tukarudia hadi cucu akachoka. Akainua uso kutoka kwa maharagwe yake, akasema neno lile mara moja, sawa sawa na simu.

Kaka akaduwaa. "Cucu, umetoa wapi hiyo?"

"Si hiyo ni g ya mũgũnda?" cucu akajibu. "Mbona mwaitafuta mbali? Wajina, hebu mwambie."

Wajina ni mimi, kwa maana nilipewa jina lake. Nikalisema neno mũgũnda polepole, yaani shamba, nikajisikiliza. Naam! Ile g ya mwanzo ni laini, inakaribia gh ya ghali. Na ile nd ya mwisho ni ngumu. Katika neno moja la Gikuyu mna siri yote.

Tulikesha tukiijaribu. Kihispania, b, d na g zikiwa katikati ya irabu hulainika, na zikitanguliwa na nazali huwa ngumu. G ya amigo ni laini, ya tengo ni ngumu. D ya nada ni kama dh ya dhahabu, lakini ya pili katika donde ni ngumu. B hali kadhalika, na v yao hutamkwa kama b tu. Huo ndio mtindo wa Gikuyu! Sisi twasema baba kwa b laini isiyofunga midomo sawa sawa, lakini mb yetu ni ngumu. Twasema th ya thĩna kama dh, lakini nd yetu ni ngumu. Kile kitu nilichokuwa nachekwa darasani, kwamba b, d na g ngumu kwangu huja na nazali, ndicho hicho hicho Mhispania hukifanya akiwa kwao bila kuchekwa na mtu.

Sijui kama mtanielewa nikisema kwamba usiku huo nililala nikitabasamu gizani. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeuchukua ulimi wangu kama ulimi mbovu. Kumbe haukuwa mbovu. Ulikuwa na kanuni zake, na kanuni hizo zinatumika pia katika lugha ambayo karibu watu milioni 500 waliizaliwa nayo. Nilipomweleza mwalimu wa historia baadaye, aliniongezea jambo jingine: Kihispania si cha ng'ambo tu. Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka kwa Uhispania tarehe 12 Oktoba 1968, hadi leo inakitumia kama lugha rasmi, na huko wako Wafang na Wabubi ambao ni Wabantu kama sisi.

Tangu jioni hiyo kitanza ndimi cha pili kilikuwa rahisi: Pablito clavó un clavito. Ati Pablito alipigilia kamsumari, na swali linalofuata ni kamsumari gani alichopigilia Pablito. Zile v zilikuwa zetu. Zile l tulizitolea jasho. Kaka upande wa moto, mimi upande wa mlango, tukipigiliana misumari hadi ulimi unauma. Cucu akawa mwamuzi. Akisikia l imegeuka r, anagonga ungo kwa kidole.

Januari 2025 ilipofika, kaka alijaribiwa kwa kuzungumza na mgeni mmoja wa Uhispania. Alitueleza kwamba miguu ilimtetemeka kuliko anapopanda Lenana. Mgeni alimwuliza baridi ya usiku kambini hufikia wapi. Jibu ni cero, yaani sufuri. Lakini cerro, kwa r ile inayotetemeka, ni kilima. Kaka akavuta pumzi, akasema cero, r ikagusa mara moja ikaondoka, na sufuri ikabaki sufuri. Mwezi wa Februari alipanda kama msaidizi wa kiongozi, na mzigo wake mgongoni ulikuwa wake mwenyewe. Salio la karo likalipwa kabla ya mtihani wa katikati ya muhula.

Na mimi je? Nilirudi shuleni nikiwa kidato cha tatu, nikapiga moyo konde, nikajiandikisha katika shindano la vitanza ndimi la chama chetu cha Kiswahili. Wengi walishangaa. Wale wa nyuma walikuja wakakaa mbele. Nilikuwa nimetunga changu mwenyewe: "Lori la Lari lilirudi Lari, lori la Limuru lililala Limuru." Kijaribuni kabla ya kuendelea kusoma. Nilikisema mara tatu bila kusitasita. Kisha kila mshindani akatakiwa kusema cha mwenzake, na hapo ndipo palikuwa na kioja. Wale waliokuwa wakinicheka waliangukia kwenye lori langu mmoja baada ya mwingine. "Roli la Lali lililudi..." Ukumbi mzima ulicheka hadi machozi, nao wakacheka pia.

Sikushinda. Nilikuwa wa pili. Mshindi alikuwa mwenzetu wa kidato cha nne aliyezaliwa Kisauni, na hata yeye lori lilimtingisha kidogo. Hilo ndilo jambo ninalotaka mlichukue kutoka kwa makala haya. Kitanza ndimi hakina mwenyewe. Tres tristes tigres huwatatiza watoto wa Uhispania waliozaliwa ndani ya Kihispania, na lori la Lari humtatiza Mswahili. Mbele ya kitanza ndimi sote ni wanafunzi, kwa hiyo kicheko chake hakiumi. Kicheko kinachouma ni kile cha kumcheka mmoja kana kwamba wengine wamekwisha kufika.

Tena, ndugu zangu, ni nani hapa aliyekwisha kufika? Mimi /l/ ilinitoroka. Rafiki yangu Mkamba ana /l/ za kutosha kijiji kizima, lakini /r/ hana kwao, huniambia tukale "chakula cha lamadhani". Mwenzetu Mjaluo hulima "samba" kwa sababu Dholuo haina sh. Kila mmoja ana sauti iliyobaki nyumbani, na kila mmoja ana sauti ambayo mwenziwe angeitafuta hadi achoke. Mimi na yule Mkamba tumefanya mapatano: yeye hunikopesha /l/, nami humkopesha /r/. Hatudaiani riba.

Kwa wale watakaotaka kujaribu, mpango wetu ni huu. Jua kwanza maana ya maneno, usiimbe kama kasuku. Vunja sentensi silabi kwa silabi. Usiongeze mbio mpaka umesema mara tatu mfululizo bila kuteleza. Ukiteleza, rudi nyuma hatua moja, si mwanzo kabisa. Jirekodi kama nyumbani kuna simu, ujisikilize, maana sikio lako mwenyewe lina huruma kuliko la jirani. Dakika kumi kwa siku zatosha. Na mtafute mtu wa kukusikiliza asiyekucheka kabla hujamaliza. Mimi nilikuwa na kaka na cucu.

Kwa wasio na kaka wala cucu karibu, mwalimu mlezi wa chama ameturuhusu tukutane kila Jumatano baada ya vipindi katika darasa la kidato cha tatu. Hakuna kiingilio wala hatuulizi kabila. Kila anayekuja huja na neno moja linalomsumbua na kitanza ndimi kimoja cha kwao. Jumatano iliyopita tulikuwa kumi na wanne, na wawili kati yao ni wale wa nyuma. Tumeanza nao pelo, pero, perro. Bado mbwa anawasumbua.